Nimeambiwa nina fangasi kwenye damu: je, kipimo hiki ni cha kuaminika?

Swali

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum, shikamoo na pole na kazi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina umri wa miaka 43, naishi Makorora hapa Tanga, na riziki yangu naipata kwa kukaanga samaki na kuuza vitumbua Ngamiani, karibu na Barabara ya Kumi na Mbili. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikisumbuliwa na muwasho chini ya matiti na mapajani, ambako ngozi imeweka mabaka ya duara yaliyovimba pembeni na kutulia katikati. Kati ya vidole vya miguu ngozi inalainika, inachubuka na kutoa harufu. Zaidi ya hayo, na hili naliandika kwa aibu, natokwa ukeni na ute mzito mweupe kama mtindi, unaoambatana na muwasho mkali, na mwaka huu pekee hali hiyo imenirudia mara nne. Kila inaponipata hununua vidonge kwenye duka la dawa, napata nafuu kwa wiki mbili tatu, kisha mambo yanarudi yalikokuwa. Kwenye ngozi napaka ile tyubu ambayo muuzaji huisifu kwamba ina dawa tatu ndani yake.

Mwezi uliopita jirani yangu alinipeleka kwenye maabara moja binafsi ya hapa mjini. Nilichomwa kidoleni, tone la damu likapakwa kwenye kioo, na baada ya robo saa nikapewa karatasi iliyoandikwa kwamba nina fangasi kwenye damu, pamoja na alama mbili za kujumlisha. Kwa kipimo hicho nililipa shilingi 25,000. Papo hapo nikaelezwa kwamba ugonjwa umeshaenea mwili mzima, kwamba ndiyo sababu nachoka, nasikia kiu na kuamka usiku mara tatu au nne kwenda chooni, na kwamba nisipofanyiwa kazi ya kusafisha damu kwa dripu na sindano za wiki mbili, fangasi watafika kwenye ini na ubongo. Gharama yake ni shilingi 180,000, na nimeshalipa nusu.

Jambo la pili linamhusu mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 61, ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza. Alimaliza dozi ya kifua kikuu miaka miwili iliyopita na akaambiwa amepona. Sasa ni mwezi wa tano anakohoa, amekonda, na mara kwa mara makohozi yanatoka na damu. Makohozi yake yamepimwa kwa mashine ya GeneXpert mara mbili na hayakuonyesha kifua kikuu. Alipima VVU na hana. Baadhi ya ndugu wanataka aanzishiwe tena dawa za kifua kikuu, wengine wanasema nimpeleke kwenye maabara ile ile niliyopimwa mimi, kwa kuwa fangasi huenda ni wa ukoo.

Naomba kujua: je, kipo kipimo cha damu cha fangasi kilicho cha kweli, au vyote ni utapeli? Nimalizie malipo yaliyobaki? Mume wangu naye apimwe? Na mjomba tumpeleke wapi?

Mama wa Makorora, Tanga

Jibu

Wa alaykum salaam, mama, na marahaba. Barua yako imebeba wagonjwa wawili ambao ndugu na majirani wanataka kuwapitisha kwenye mlango mmoja, ilhali wewe huhitaji kabisa kipimo cha damu cha fangasi, na mjomba wako huenda anakihitaji, ila si hicho ulichofanyiwa wewe. Nianze na lililo la haraka: usimalizie malipo hayo na usikubali kuwekewa dripu hizo. Damu husafishwa na ini na figo saa 24, na viungo hivyo havijawahi kumdai mtu malipo ya awali.

Fangasi wanaosababisha mabaka unayoyaeleza, ambayo wengi wetu tunayaita mashilingi au choa, huishi kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa, pamoja na kucha na nywele, kwa sababu chakula chao ni keratini, ambayo ni protini inayopatikana humo. Hawana haja ya kuingia ndani zaidi, na kwa mtu wa kawaida hawaingii. Fangasi wa ukeni, ambao kwa kawaida ni wa jamii ya kandida, nao hukaa juu ya utando wa uke. Kwa hiyo kuwatafuta fangasi wa mapajani au wa kati ya vidole vya miguu ndani ya damu ni sawa na kwenda Soko la Mgandini kuulizia samaki ambao bado wamo ndani ya ngalawa kule Deep Sea: hata ukiuliza kwa ufundi gani, umeuliza mahali wasipokuwepo.

Wapo watu ambao kandida huingia kwenye damu yao kweli kweli, nao hujulikana: watoto njiti, wagonjwa waliolazwa katika chumba cha uangalizi maalumu wakiwa na mipira iliyoingizwa kwenye mishipa mikubwa, waliopasuliwa tumbo wakapata matatizo, wanaotibiwa saratani kwa dawa zinazoshusha kinga, na waliotumia viuavijasumu vikali kwa muda mrefu. Hao huwa wako kitandani na homa isiyosikia dawa, na wengine shinikizo la damu limeporomoka. Mtu wa namna hiyo hawezi kwenda maabara kwa miguu yake, akapewa karatasi, kisha akarudi kukaanga samaki.

Hata kwa wagonjwa hao, tone la kidoleni halitoshi. Mtaalamu wa maabara husafisha ngozi ya mkono kwa makini, akachota damu kwenye mshipa, kwa mtu mzima takribani mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, na mara nyingi huchukua zaidi ya chupa moja. Chupa hizo zina maji ya virutubisho. Huwekwa kwenye joto linalolingana na la mwili na kufuatiliwa kwa siku 5 au zaidi, kwa sababu fangasi huwa wachache mno ndani ya damu na lazima waoteshwe kwanza ndipo waonekane na kutambuliwa. Pamoja na kazi yote hiyo, kuotesha damu hukosa karibu nusu ya wagonjwa wenye kandida iliyozama mwilini. Sasa linganisha na robo saa yako na kioo kimoja. Kinachoonekana kwenye kioo cha namna hiyo mara nyingi huwa ni punje za rangi iliyotumika kukipaka, au hamira zilizotoka hewani au kwenye ngozi ya kidole chenyewe, na zile alama mbili za kujumlisha hazipimi chochote ambacho daktari anaweza kukitumia kuamua tiba.

Baadhi ya maabara hutumia njia nyingine, ya kutafuta kingamwili dhidi ya kandida, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana naye. Nayo haitakusaidia, kwa kuwa kandida huishi kinywani, tumboni na ukeni mwa watu wengi wazima wasiougua chochote, na miili yao imeshatengeneza kingamwili hizo zamani. Kuhusu mashine za kushika mkononi zinazodai kusoma fangasi, ini, nguvu za kiume na upungufu wa kalisi kwa mara moja, sitaki kupoteza wino.

Umeuliza kama vyote ni utapeli. La hasha. Kipo kipimo cha damu cha fangasi ambacho mimi nakihesabu miongoni mwa vipimo bora tulivyonavyo, ila watu wanaokihitaji ni wengine. Kinatafuta antijeni ya kriptokokasi, yaani vipande vya ganda la fangasi anayesababisha homa ya uti wa mgongo kwa watu ambao VVU vimeshusha sana kinga yao. Kipimo chenyewe ni kipande cha karatasi chembamba kama kile cha mimba: huchovywa kwenye kichupa chenye damu au majimaji ya damu yaliyochanganywa na tone la dawa, na baada ya dakika 10 husomwa, mstari mmoja wa kudhibiti ukiwa peke yake majibu ni hasi, mistari miwili ikionekana majibu ni chanya. Ubora wake ni kwamba antijeni hiyo huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba mtu mwenye VVU ambaye chembe zake za CD4, yaani chembe za kinga, ziko chini ya 100 apimwe kabla ya kuanza au kuanza upya dawa za kufubaza virusi, na kwamba kipimo kinaweza kufikiriwa hata kwa mwenye CD4 chini ya 200. Anayekutwa nayo huchunguzwa maji ya uti wa mgongo, na asipokuwa na ugonjwa huko hupewa flukonazoli, dawa ya fangasi, ya kiwango kikubwa ili kuuzuia usifike. Sehemu ya ushahidi wa jambo hili ulitoka hapa hapa kwetu: utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kupima antijeni hiyo na kuwafuatilia wagonjwa majumbani katika wiki za mwanzo za tiba kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu miongoni mwa wasomaji wapo wenye ndugu walioacha dawa na sasa wanataka kuzirudia. Kama ndugu huyo anaumwa kichwa kisichotulia, anatapika au ameanza kuchanganyikiwa, kliniki ya CTC, yaani ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, ndiyo mahali pa kwenda siku hiyo hiyo, na ni haki yake kuulizia kipimo hiki kwa jina.

Wanaopekua intaneti watakutana pia na kipimo cha beta-glukani, ambayo ni sehemu ya ukuta wa seli za fangasi wa aina nyingi. Ni kipimo cha kweli. Hata hivyo, hakitaji ni fangasi gani, hakifai kumtafuta kriptokokasi, na huweza kutoa majibu chanya ya uongo kwa mtu anayesafishwa damu kwa mashine ya figo, aliyewekewa albumini, au hata aliyefungwa shashi nyingi baada ya upasuaji. Manufaa yake makubwa ni kumsaidia daktari wa wodini aondoe hofu pale majibu yanapokuwa hasi. Kwa muwasho wa mapajani hakina kazi.

Sasa nirudi kwako. Mabaka yako yanahitaji kukwanguliwa. Mtaalamu hupitisha upande butu wa kisu kidogo cha maabara kwenye ukingo wa baka, pale palipovimba, kwa kuwa fangasi walio hai wako pembeni na si katikati palipotulia. Magamba yanayoanguka hupokelewa kwenye kioo, hudondoshewa tone la potasiamu haidroksaidi, na baada ya dakika 10 hadi 20 dawa hiyo huwa imeyeyusha seli za ngozi kiasi cha kuziacha nyuzi za fangasi zionekane chini ya darubini, ndefu, zenye matawi na vikato. Hakiumi, hakina sindano, na darubini inayohitajika ni ile ile ya kupimia malaria. Sharti lake ni moja: ufike ukiwa umeacha kupaka dawa ya ngozi kwa wiki mbili hivi, la sivyo kioo kinaweza kuonekana kisafi wakati ugonjwa upo.

Hiyo tyubu ya dawa tatu nayo inanitia mashaka makubwa. Mchanganyiko wa namna hiyo kwa kawaida huwa na dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi yenye nguvu. Steroidi hutuliza muwasho haraka, ndiyo maana muuzaji huisifu, lakini wakati huo huo hushusha ulinzi wa ngozi, na fangasi hutambaa kimyakimya hadi baka lipoteze umbo lake na hata daktari ashindwe kulitambua. Ikipakwa kwa miezi chini ya matiti na mapajani, ngozi huwa nyembamba na kuweka michirizi isiyofutika. Iache. Wakati ukisubiri kupimwa, kausha vizuri sehemu hizo baada ya kuoga, usivae nguo ya ndani ya nailoni unapokaa motoni, na viatu vya plastiki vilivyofungwa viwe vya mvua tu. Joto letu la pwani na unyevu wake hatuwezi kuvihama, lakini tunaweza kutovifungia kwenye nguo.

Kwa ute wa ukeni, kipimo ni kuchukua ute wenyewe kwa pamba, kuuangalia kwa darubini na kupima ukali wake kwa karatasi maalumu. Kandida mara nyingi huacha kiwango cha ukali huo, yaani pH, kikiwa 4.5 au chini yake. Kikipanda zaidi ya hapo tunafikiria bakteria au trikomonasi (kimelea kinachoambukizwa kwa ngono), ambao tiba yao ni tofauti kabisa, na wanawake wengi wanaojitibu fangasi kwa mwaka mzima hugundulika kwamba walikuwa na tatizo hilo jingine. Kwa kuwa hali yako imerudi mara nne, omba pia ute uoteshwe pale inapowezekana, kwani zipo aina za kandida ambazo flukonazoli haiziwezi vyema. Ikithibitika kwamba ni kandida ya kawaida inayojirudia, daktari anaweza kukupa dozi ya kuituliza, kisha kidonge kimoja kwa wiki kwa muda wa miezi 6, jambo ambalo halifanani na kununua kidonge kimoja kimoja kila muwasho unapoanza. Kama kuna uwezekano wowote kwamba una ujauzito, sema kabla hujameza chochote; utapewa klotrimazoli ya kuweka ukeni badala ya flukonazoli ya kumeza.

Hata hivyo, mama, sentensi iliyonishtua zaidi kwenye barua yako uliiandika kama unapita njia: kwamba unachoka, unasikia kiu na unaamka usiku mara tatu au nne kwenda chooni. Mtu aliyekuonyesha karatasi ile alizitumia dalili hizo kukutisha, na hakuona zinakoelekea. Mwanamke wa miaka 43 mwenye fangasi wa ngozi na wa ukeni wanaorudi, pamoja na kiu na mkojo wa usiku, anatakiwa apimwe sukari kabla ya jambo jingine lolote. Sukari ikizidi kwenye damu huzidi pia kwenye majimaji ya mwili, kandida hupata chakula, na kinga hulegea, hivyo dawa ya fangasi hufanya kazi ya muda tu. Kipimo cha sukari kinapatikana hata kwenye zahanati na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ulichokwisha kulipa. Nenda asubuhi kabla ya kula kitu, ikionekana 7.0 au zaidi kwa kipimo cha milimoli kwa lita, kipimo kikarudiwa na kuthibitisha, hicho ni kisukari. Ukipimwa wakati wowote wa mchana na kukutwa na 11.1 au zaidi huku una dalili hizo, hakuna haja ya kusubiri asubuhi. Pima pia VVU siku hiyo hiyo, kwa sababu fangasi wanaojirudia ni moja ya sababu za kuuliza swali hilo. Hivi ndivyo vipimo vya damu unavyovihitaji. Ikiwa utaanzishiwa dawa za kisukari kama glibenklamidi, mkumbushe daktari kuhusu flukonazoli, kwani dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Mume wako hahitaji kupimwa damu kwa ajili ya fangasi wako, wala hahitaji kutibiwa iwapo hana muwasho wala wekundu. VVU ni vyema apime pamoja nawe.

Karatasi ya maabara ile itunze pamoja na risiti. Maabara binafsi inatakiwa iwe na cheti cha usajili cha Bodi ya Maabara Binafsi za Afya mahali kinapoonekana, na hairuhusiwi kugeuka zahanati ya kuwawekea watu dripu. Ukiona ugumu wa kurudishiwa fedha zako, peleka karatasi hiyo kwenye ofisi ya Mganga Mkuu wa Jiji. Huko ndiko malalamiko ya aina hii yanakoanzia.

Nimemweka mjomba mwishoni kwa sababu yeye ndiye anayenipa wasiwasi mkubwa zaidi. Kifua kikuu kikipona mara nyingi huacha mapango ndani ya mapafu. Vijidudu vya aspajilasi, ambaye ni fangasi wa majani yaliyooza, nyasi kavu na vumbi, huvutwa na kila mtu kila siku, awe wa shamba la mkonge au wa ofisini, na pafu zima huwatoa. Pango lililoachwa na kifua kikuu haliwatoi. Huko huota taratibu, pengine hadi kufanya donge, na mgonjwa hukohoa, hukonda, huchoka na kutema damu kwa miezi huku makohozi yakipimwa na kukutwa hayana kifua kikuu. Utafiti uliofanyika Gulu, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ugonjwa huu hujitokeza hasa kwa wale waliobaki na mapango hayo baada ya kumaliza dozi. Hauhusiani na ukoo, wala na fangasi wako wa ngozi.

Kwake yeye kipimo cha damu kina nafasi ya kweli: kingamwili aina ya IgG dhidi ya aspajilasi. Tofauti na kandida, ambaye kila mtu anaishi naye, kingamwili hizi zikiwa nyingi kwa mtu mwenye pango kifuani na dalili za miezi 3 au zaidi, zina uzito mkubwa. Lakini haziamui peke yake. Daktari anataka vitu vitatu vikubaliane: dalili zilizodumu, picha ya kifua inayoonyesha pango, donge au utando wa pafu ulionenepa, na damu yenye kingamwili au makohozi yaliyootesha fangasi. Kipimo hiki hakipatikani kwenye maabara nyingi, na huenda sampuli ikalazimika kusafirishwa. Kwa hiyo msianze kwa kuzunguka mjini mkikiulizia. Anzeni na picha.

Kuhusu kumrudishia dawa za kifua kikuu kwa kukisia, mimi siungi mkono. Mbali na kumchosha, kuna jambo ambalo ndugu wengi hawalijui: rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu, huharakisha ini kuivunja itrakonazoli hadi isibaki ya kutosha mwilini, na itrakonazoli ndiyo dawa kuu ya aspajilasi wa mapafu, hutumika kwa miezi isiyopungua 6. Akianzishiwa zote mbili bila uangalizi, atakuwa anameza dawa ya fangasi isiyofanya kazi. Iwapo daktari bado anashuku kifua kikuu, makohozi yaoteshwe, kwa kuwa kuotesha hunasa vimelea wachache ambao GeneXpert imewakosa. Na kwa mtu wa miaka 61 anayetema damu, hasa kama aliwahi kuvuta sigara, saratani ya mapafu lazima iulizwe hata kama hakuna anayetaka kulitaja neno hilo nyumbani.

Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo wiki hii, mkaombe kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani. Mchukulieni kadi yake ya matibabu ya kifua kikuu, majibu yote mawili ya GeneXpert, majibu ya VVU, na muhimu kuliko vyote, picha ya eksirei aliyopigwa wakati anaanza au anamaliza dozi, ikiwa bado ipo nyumbani, kwa sababu daktari akiiweka pembeni ya picha mpya ataona kama pango lilikuwepo tangu zamani, limepanuka, au kuna kitu kimeota ndani yake. Mwambieni waziwazi kwamba mnauliza kuhusu fangasi wa mapafu baada ya kifua kikuu; ikihitajika CT skani au daktari wa upasuaji wa kifua, atawaandikia rufaa ya kwenda Muhimbili. Kabla ya siku hiyo, akitema damu nyingi kwa mara moja, kiasi cha kujaza kikombe cha kahawa au zaidi, au akianza kuhema kwa shida, msisubiri miadi wala kupambazuka. Mpelekeni moja kwa moja kitengo cha dharura.